Nimelipia Immich, na Hakuna Kilichofunguka

Mjomba wa mke wangu ndiye aliyenibana. Tulikuwa barazani kwake Ngamiani, Jumapili baada ya laasiri, kahawa imeshazunguka mara mbili, nami nikajisahau nikatamba kwamba nimenunua ufunguo wa Immich kwa dola 99.99. Kwa kiwango cha siku ile ilikuwa kama laki mbili na nusu za kwetu.

“Hiyo ni ile ya picha uliyotuwekea?”

“Ndiyo hiyo, mjomba.”

“Si ulisema ya bure?”

“Ya bure.”

“Sasa umelipa, imeongezeka nini?”

“Haijaongezeka kitu. Pametokea kialama tu kwenye ukurasa, kuonyesha kwamba nimechangia.”

Akaniangalia kama mtu aliyekatiwa tiketi ya basi alilokwisha kushuka. “Ndiyo maana kibanda chako hakikui, mwanangu.”

Kibanda chenyewe ni cha ufundi, hapa hapa Tanga: kompyuta, kamera za ulinzi, rauta zilizopigwa na radi. Nimeitumia Immich kuanzia Agosti 2024, kwanza nyumbani, kisha kwa wateja wawili wanaopiga picha za harusi. Ninachoandika hapa ni tathmini ya mtumiaji, na jibu kwa mjomba ambalo siku ile lilinikwama kooni.

Kwa asiyeijua: Immich ni programu ya kuhifadhi picha na video kwenye mashine yako mwenyewe. Simu inapakia picha zenyewe kimyakimya, unazikuta zimepangwa kwa tarehe, kwenye ramani, kwa sura za watu, na unaweza kuzitafuta kwa maneno. Ukiwa umezoea Google Photos hutapotea, maana sura yake imefuata njia ileile. Tofauti ni kwamba diski ni yako, iko chini ya meza yako, na anayeijaza ni wewe.

Alex Tran aliianza 2022, nyumbani kwao pakiwa na mtoto mchanga, picha zinazidi kujaa na mke hataki tena kulipia nafasi ya mtandaoni. Kisa hicho nakielewa bila kuelezwa. Kwetu mambo yaliharibika pale Google ilipomaliza hifadhi ya bure isiyo na kikomo, tarehe 1 Juni 2021. Kuanzia siku ile kila picha mpya ikahesabiwa ndani ya gigabaiti 15, na ndani ya hizo hizo kuna barua pepe na mafaili yako mengine. Mke wangu ana watoto watatu na simu yenye kamera nzuri. Hizo 15 hazikumaliza mwaka.

Mashine niliyoiweka ni Lenovo ThinkCentre ya mtumba, zile ndogo zinazolingana na kitabu kinene, i5 ya kizazi cha saba. Ilikuja na RAM ya gigabaiti 8, nikaisukuma hadi 16, nikaichomekea diski ya terabaiti 4, na UPS ndogo maana umeme wetu nao una mambo yake. Kuhamisha picha kutoka Google ndiko kulikonitoa jasho. Unaomba nakala ya kila kitu, unaletewa mafaili ya zip yaliyokatwa vipande, na tarehe za picha zimekaa pembeni kwenye vifaili vya JSON. Ukizipakia kienyeji, harusi ya 2017 inaonekana imepigwa jana. Kuna programu nyingine huria (yaani msimbo wake, yale maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha), immich-go, inayosoma hizo zip na kurudisha kila picha kwenye tarehe yake. Niliiacha ikifanya kazi tangu baada ya isha, alfajiri nikaikuta bado inahema. Picha elfu 61 na kitu.

Immich yenyewe ni kontena nne za Docker, mfumo unaoendesha kila programu ndani ya boksi lake: seva, kontena ya kutambua sura na vitu, hifadhidata ya Postgres, na moja ya kumbukumbu ya muda. Hiyo ya nne nitairudia, maana ina hadithi.

Kitu kilichonifanya nikae nayo ni utafutaji. Modeli inayokuja nayo, yaani ule ubongo wa kutambua picha, imefundishwa Kiingereza. Ukiandika neno la Kiswahili inabahatisha. Lakini kwenye mipangilio unaweza kubadilisha modeli, na zipo za familia ya nllb, zilizojengwa juu ya kazi ya tafsiri ya lugha 200, Kiswahili kikiwamo. Nikaibadilisha, nikaagiza picha zote zisomwe upya, mashine ikachemka siku tatu usiku na mchana, feni ikilia kama cherehani. RAM inaliwa vizuri, ndiyo sababu ya zile 16.

Siku ya nne nikamwita mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Pangani, nikampa simu aandike anachotaka. Akaandika “wanawake wanakaanga samaki”. Zikaja: yeye na dada zake, moshi, sufuria kubwa, shughuli ya 2019 ambayo mimi nilishaisahau. Akaandika “ngalawa ufukweni”, zikaja. Akaandika “kanga”. Hapo mashine ikamletea kwanza kuku wa uani kwake, wale wa madoadoa, halafu ndipo doti za kanga zikafuata. Alicheka hadi akafuta machozi. “Haijakosea,” akasema, “kanga ni ndege pia.” Mimi nimeshalipia programu nyingi maishani, na hakuna hata moja iliyowahi kujua kwamba kanga ni viwili.

Sasa tuje kwenye hela, maana ndilo swali la mjomba.

Muheza kwenye machungwa, muuzaji anakumenyea kipande uonje. Hicho ni kionjo, na kila mtu anajua kwamba ni kionjo. Ukikipenda utanunua gunia, usipokipenda utaondoka, hakuna aliyedhulumiwa. Programu nyingi za kuweka kwenye seva yako mwenyewe zinaishi kwa kionjo: kuna toleo la bure, na kuna la kulipia lenye vitu vya ziada. Sina ugomvi na hilo. GitLab kwa mfano, programu ya kutunzia msimbo, haifichi kitu: ndani ya msimbo wake kuna folda inaitwa ee, ina leseni yake peke yake ya kibiashara, na iliyobaki ni huria. Unaona mpaka ulipo kabla hujaingia.

Shida ni pale mpaka unapohama ukiwa umeshajenga.

Nina mteja mwenye maghala ya vifaa vya ujenzi, wafanyakazi 14. Nilimwekea programu moja ya kufuatilia oda, jina lake nalihifadhi. Ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa na makundi ya watumiaji na ruhusa, yaani dereva anaona oda zake tu, mhasibu anaona bei, bosi anaona vyote. Bure. Niliisifia kila mahali, nikaiweka kwa wengine wawili. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Toleo jipya likaja, nikasasisha usiku, asubuhi mhasibu ananipigia: pale penye makundi na ruhusa pameota kufuli la rangi ya dhahabu. Unabonyeza, unapelekwa kwenye bei. Kwa kila mtumiaji, kwa kila mwezi, kwa kulipa mwaka mzima mbele, na watumiaji wasiopungua 25. Sisi tuko 14.

Nikarudisha toleo la zamani kutoka kwenye nakala, tukaendelea miezi kadhaa. Kisha pakatangazwa tundu la usalama, na kiraka chake kimetoka kwa toleo jipya tu. Ama ukae na tundu, ama uvae kufuli. Bosi akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kuliko nilivyostahili: “Fundi, wewe si ulisema hii ni yetu?”

Neno hilo, “yetu”, ndilo lililonifanya nianze kusoma leseni. Zamani nilikuwa naliona lile faili la leseni kama maandishi ya nyuma ya tiketi. Siku hizi kabla sijaweka programu yoyote kwa mteja natazama mambo mawili, na hayamalizi robo saa. La kwanza, natazama folda za msimbo: nikiona folda yenye jina la kibiashara ndani yake, nasoma leseni yake na kuorodhesha vilivyomo, na mteja namwambia hivyo vinaweza kuondoka. La pili, naangalia kama wanaochangia msimbo wanasainishwa mkataba wa kuikabidhi kampuni haki zao. Ukiwapo, kampuni inaweza kubadilisha leseni ya matoleo yajayo peke yake, bila kumuuliza yeyote. Usipokuwapo, na leseni ikiwa ni ya aina inayodai maboresho yabaki huria, inabidi iwatafute wachangiaji mmoja mmoja, na hao wakiwa mamia waliotapakaa duniani, kazi hiyo haifanyiki kirahisi.

Na kubadilishwa leseni si jambo la kufikirika. Hapa ndipo ile kontena ya nne inapoingia. Ukifungua faili la Docker la Immich utaona kontena inaitwa immich_redis, lakini programu inayopakuliwa ndani yake ni valkey. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kunakili. Kumbe ni kovu. Redis, programu ya kumbukumbu ya muda, ilikuwa huria ya leseni ya BSD, isiyo na masharti mengi, tangu utoto wake, hadi Machi 2024 ilipohamia leseni zenye masharti, shabaha ikiwa makampuni makubwa ya wingu yaliyokuwa yakiikodisha bila kuchangia. Siku chache tu baadaye msimbo wa mwisho uliokuwa huria ukachukuliwa, ukapelekwa chini ya Linux Foundation, shirika linalolea programu huria, ukapewa jina Valkey, na nyuma yake wakasimama Amazon, Google na Oracle. Yaani wale wale waliolengwa. Mei 2025 Redis ikarudi kwa kuongeza AGPL, leseni huria nitakayoieleza chini, kama chaguo, lakini watu walishahama, na jina la zamani limebaki kwenye faili langu kama kibao cha duka lililobadilisha mwenyewe. Ugomvi wa mabwana wa Marekani uko kwenye kijikompyuta cha mtumba, chini ya meza, Tanga.

Mifano iko tele. Emby, programu ya kutazamia video zako kutoka seva yako, ilipofunga msimbo wake mwishoni mwa 2018, waliokasirika wakaondoka na Jellyfin, ambayo hadi leo haina toleo la kulipia. Kampuni ya HashiCorp ilipobadilisha leseni ya Terraform, programu yake ya kusimamia seva, Agosti 2023, ikazaliwa OpenTofu, nakala yake huria. Plex, nayo ya video kama Emby, haijawahi kuwa huria kamili, lakini nayo Aprili 2025 iliweka malipo kwa kutazama video zako mwenyewe ukiwa nje ya nyumba, kitu kilichokuwa bure, na bei ya kulipa mara moja kwa maisha ikapanda kutoka dola 119.99 hadi 249.99. Wana haki yao, seva zao zina gharama. Ila unaelewa kwa nini fundi aliyeungua na uji anapuliza hata maziwa ya mtindi.

Immich ilianza na leseni ya MIT, ambayo kwa Kiswahili cha kibandani ni “chukua, fanya utakavyo, jina langu tu usilifute”. Mwanzoni mwa 2024 ikahamia AGPL. Tofauti yake inafaa kuielewa. Kwa MIT, tajiri angeweza kuichukua Immich, kuiboresha gizani, kuikodisha kwa watu, na maboresho yakabaki kabatini kwake. Kwa AGPL bado anaruhusiwa kuichukua na hata kuiuza, lakini akiibadilisha na kuwapa watu kuitumia kupitia mtandao, lazima awape na msimbo wa mabadiliko. Kwa mimi ninayeiweka nyumbani hakuna kilichobadilika. Na toleo nililonalo halinyang’anyiki: likishatolewa kwa AGPL, limetolewa.

Mei mwaka huohuo wakatangaza kwamba wamejiunga na FUTO, kampuni ya Austin, Texas, na kwamba sasa wanalipwa kufanya kazi hii muda wote. Nakiri siku ile nilinuna. Niliona sinema ileile inaanza upya: mwenye fedha ameingia, kufuli liko njiani. Na FUTO yenyewe ina programu zake, kama Grayjay ya kutazamia video, ambazo msimbo unaonekana lakini leseni inazuia biashara, kwa hiyo si huria kwa maana wanayoikubali wazee wa fani. Immich ikabaki AGPL.

Kisha Julai 2024 likaja tangazo la malipo, na hapo wakateleza kwa neno moja. Waliita kitu hicho “leseni”: dola 24.99 kwa mtu mmoja, 99.99 kwa seva nzima na wote waliomo, mara moja tu, hakuna kila mwezi. Watu wakaja juu. Na walikuwa na hoja, maana leseni ya Immich ni AGPL, tayari unayo, hununui. Mtu akisikia “nunua leseni” atadhani asiponunua anaiba. Bei haikuguswa, ila neno wakalibadilisha: ikawa ufunguo wa bidhaa, na aliyenunua ni mfadhili. Kwenye matumbo ya programu lile neno la zamani bado lipo ukichungulia.

Kitufe cha kununua kinakaa kwenye upau wa kushoto, chini. Hakirukiruki, hakifungui dirisha usoni mwako. Akaunti mpya hata haikioni kwa wiki mbili za kwanza. Ukichoka nacho unaweza kukificha, na hukifichi kwa kulipa, unabonyeza tu. Ukikifungua kinakwambia waziwazi kwamba ukinunua hutapata uwezo wowote wa ziada, kwa kuwa hawataki kuweka vitu nyuma ya malipo. Nimeuza vitu kwa miaka mingi, sijawahi kuona tangazo la biashara linaloanza kwa kukuambia kwamba hutapata kitu.

Angalia vilivyo bure, maana humo ndimo wengine wanamoweka kufuli: watumiaji idadi yoyote. Kuingia kwa akaunti moja ya pamoja kupitia OAuth, kitu ambacho kwa programu nyingi ndicho cha kwanza kupandishwa daraja la “makampuni”. Albamu za kushirikiana. Utambuzi wa sura. Nakala ya hifadhidata inayojitengeneza yenyewe saa nane usiku na kuweka 14 za mwisho. Yote.

Hapo kwenye nakala nina kisa, na kosa ni langu mwenyewe, nisimsingizie mtu. Miezi ya mwanzo nilikuwa nanakili folda ya picha tu, nikijiona hodari. Siku moja nikafuta hifadhidata kwa amri niliyoibandika bila kuisoma. Picha zote zilikuwapo, hakuna hata moja iliyopotea, lakini albamu, majina ya watu, nani ameshirikishwa nini, vyote vilikuwa kwenye Postgres na vimekwenda. Mke wangu alikuwa ametaja sura za watu kama 200, jioni kwa jioni, mpaka wa upande wa Maskati ambao mimi siwajui. Sikulala ndani kwa amani wiki hiyo. Kwa hiyo ukiiweka, elewa kwamba kuna vitu viwili vya kunakili, folda na hifadhidata, na kimoja bila kingine ni nusu nyumba. Mimi nina nakala ya pili kwenye diski kibandani na ya tatu Muheza kwa kaka. Na kama unataka ukifungua folda ukute picha zimepangwa kwa miaka badala ya majina ya herufi zisizosomeka, washa mpangilio wa majina ya hifadhi mapema, kabla ya kupakia.

Nisiipambe kupita kiasi. Immich haikufai kama hutaki kuwa fundi wa nyumba yako. Kwa muda mrefu wao wenyewe walibandika onyo kwamba iko kwenye ujenzi mkali na usiifanye sehemu pekee ya kuhifadhi picha zako. Onyo hilo liliondoka walipotoa toleo la 2.0, Oktoba 2025, lakini kusoma maelezo ya toleo kabla ya kusasisha hakujaondoka. Pia picha hazifungwi kwa siri (encryption) kuanzia kwenye simu hadi kwenye diski: anayeshika seva anaziona. Kwa familia yangu anayeshika seva ni mimi, sawa. Kwa mtu anayetaka kuweka picha kwenye mashine ya mwingine, ningemwelekeza Ente, programu nyingine ya picha, ambayo nayo ni AGPL na inaficha kila kitu kabla hakijatoka kwenye simu. Na kwenye iPhone usitarajie upakiaji wa nyuma ya pazia uwe kama wa Android, Apple ina masharti yake kuhusu programu inayofanya kazi ikiwa imefungwa. Shemeji yangu wa Maskati nimemfundisha aifungue kila Ijumaa akiwa anakunywa chai, basi.

Yeye anaifikia kwa Tailscale, programu inayounganisha vifaa vilivyo mbali kana kwamba viko mtandao mmoja, maana intaneti yetu ya laini haitupi anwani ya IP ya kwetu wenyewe, hivyo kufungua mlango kwenye rauta hakusaidii. Na Tailscale ndiyo hiyohiyo biashara ya kionjo: daraja la chini bure, msimbo wa seva yao ya uratibu umefungwa. Nimekubali kwa kuwa najua Headscale ipo, huria, inayoweza kushika nafasi ile siku mambo yakigeuka. Mlango wa nyuma nimeuona ulipo, kwa hiyo nakaa sebuleni bila wasiwasi.

Kulipa kwenyewe kulichukua dakika tano, baada ya siku mbili za kuhangaika na kadi ya benki iliyokuwa imezuiwa malipo ya nje. Nikanunua wa seva. Ukaja kwenye barua pepe: IMSV, kisha makundi manane ya herufi na tarakimu nne nne. Nikaubandika, kitufe kikapotea, kialama kikatokea. Nikaburuza ukurasa juu chini nikitafuta kilichobadilika, kama mtoto aliyepewa bahasha ya Idi akaikuta na kadi tu. Hakuna.

Jibu la mjomba nimelipata nikiwa kazini, ninamchomelea mtu chaji. Kwa ile programu ya maghala, siku ya kufuli ndipo tulipoombwa hela, na tuliombwa tukiwa tumeshikwa shingo. Bosi alikataa kulipa si kwa kukosa, alikataa kwa uchungu. Tulihama kwa miezi miwili na hasara juu. Huku kwa Immich hakuna aliyenishika. Nililipa baada ya mwaka na zaidi, siku nilipokuwa na hela, kwa sababu mama mkwe alicheka na kuku wake. Kama ingekuwa kwa mwezi nisingelipa, nasema kweli. Na sijui mfano wa hiari kama huu unalisha wangapi. Mtindo wa kionjo una hesabu iliyonyooka zaidi, na mwenye programu naye ana kodi ya nyumba. Wateja wangu wa harusi niliwaeleza yote mawili. Mmoja amenunua wa 24.99. Mwingine kakificha kitufe, na programu yake ni ileile.

Nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ile RAM.

Juzi mjomba kaja kibandani na bahasha ya khaki, ndani yake picha za karatasi, nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa meno meno. Anataka ziingie “kwenye ile ya wajukuu”. Nikamwambia naziingiza, ila kuskani ni mia tano kila picha.

“Aa,” akasema akiivuta bahasha kidogo kuelekea kwake, “hii ya kwako si huria?”